UFUNDI KIJIJINI: Usinunue betri kabla ya kujua ugonjwa

Tuseme kijiji chenu kina Land Rover moja ya zamani. Mchana hubeba mazao. Usiku hupeleka wagonjwa hospitali. Asubuhi moja gari haliwaki. Watu wanalisukuma mpaka linawaka. Dereva anasema, "Betri imekufa." Wanakijiji wanachanga fedha na kununua betri mpya.

Baada ya wiki mbili gari haliwaki tena. Usiku huo mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Fedha zimekwisha, na gari limelala. Je, kosa lilikuwa wapi?

Kosa ni hili: walitoa dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Betri ni kama mtungi

Betri haitengenezi umeme wa gari. Inautunza tu, kama mtungi unavyotunza maji. Anayejaza mtungi ni dinamo. Dinamo huzungushwa na injini kwa mkanda wa feni. Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina dinamo. Zile za toleo la tatu, zilizoanza mwaka 1971, zina altaneta. Kazi ya vyombo hivi viwili ni moja: kujaza betri.

Mtungi ukiwa mtupu, sababu ni tatu. Huenda mchotaji hachoti. Huenda njia imeziba. Au huenda mtungi wenyewe unavuja. Ukinunua mtungi mpya wakati mchotaji amelala, utakuwa mtupu vilevile.

Jihadhari kwanza

Betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usivute sigara karibu nayo. Usiimulike kwa kibiriti wala kwa kibatari. Asidi yake huunguza ngozi na macho. Ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia machoni, osha kisha nenda hospitali.

Sasa tupime. Tuanze na vitu visivyo na gharama.

1. Tazama mkanda wa feni. Zima injini. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukibonyea kiasi cha sentimeta moja, ni sawa. Ukilegea sana, huteleza, na dinamo haizunguki vizuri. Ukaze. Kama umepasuka au una mafuta, badilisha.

2. Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, njia imeziba. Fungua nyaya. Safisha kwa maji ya moto na magadi, lakini magadi yasiingie ndani ya betri. Kausha, kisha kaza. Fuata pia waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye fremu ya gari. Ukiwa na kutu au umelegea, umeme hauwezi kupita vizuri.

3. Tazama taa nyekundu ya chaji. Fungua swichi kwa ufunguo. Taa iwake. Washa injini na kanyaga mafuta kidogo. Taa izimike. Kwa gari lenye dinamo, taa ikiwaka kidogo wakati injini inaunguruma polepole, usiogope. Lakini isipozimika hata ukikanyaga mafuta, chaji haiji. Na kama haiwaki kabisa unapofungua swichi, huenda globu yake imeungua. Globu hiyo ndogo ikiungua, altaneta nyingine hazianzi kuchaji.

4. Pima nguvu ya betri. Fundi ana mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Ikionyesha chini ya 12, karibu imekwisha. Sasa washa injini na kanyaga mafuta kiasi. Mita ipande kufika kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, mchotaji hachoti: tatizo ni dinamo, au kisanduku chake cha kuongoza chaji, au nyaya. Ikipita 15, chaji imezidi. Maji ya betri yatachemka na kukauka.

Huna mita? Usiku simamisha gari mbele ya ukuta. Vuta breki ya mkono, weka gia huru. Washa taa kubwa, kisha washa injini na kanyaga mafuta. Mwanga ukiongezeka waziwazi, chaji inakuja. Usipoongezeka, mwite fundi wa umeme.

5. Tafuta uvujaji. Kama chaji inakuja lakini asubuhi betri ni tupu, zima kila kitu na toa ufunguo. Fungua waya wa betri unaokwenda kwenye fremu. Kati ya waya huo na kichwa cha betri, unganisha globu ndogo ya volti 12. Ikiwaka, umeme unavuja mahali fulani. Toa fyuzi moja moja mpaka izimike. Hapo umemkamata mwizi. Kama haiwaki, betri yenyewe huenda imechoka. Sasa waweza kununua mpya, tena bila wasiwasi.

Mambo mawili ya kukumbuka

Kwanza, usifungue waya wa betri injini ikiwa inazunguka. Altaneta inaweza kuungua.

Pili, katika magari mengi upande wa hasi ndio umefungwa kwenye fremu. Lakini baadhi ya Land Rover za zamani zimefungwa upande wa chanya. Kabla ya kutoa betri, andika upande upi umekwenda wapi. Ukiigeuza, utaunguza vyombo.

Ndugu msomaji, wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda uliolegea hukazwa kwa spana na dakika chache. Ukiachwa, unaweza kula betri nzima, na unaweza kumwacha mgonjwa njiani. Mwambie dereva wenu aukague kila wiki, pamoja na maji ya betri. Maji ya kuongeza yawe yale safi yanayouzwa kwa kazi hiyo, si ya kisimani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini betri mpya inaweza kuisha baada ya wiki mbili?
2. Utajuaje kuwa chaji inakuja kama huna mita?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayekagua gari, trekta au mashine, na huikagua lini?