Mwanafunzi achore kwanza, akokotoe baadaye

Fizikia ni somo linaloogopwa katika shule nyingi za sekondari. Wapo wanafunzi wanaoliacha mara tu wanaporuhusiwa kuchagua masomo, na wapo wanaobaki nalo kwa shingo upande. Sura inayowakatisha tamaa mapema ni ile ya kani na mwendo, ambayo huja mwanzoni kabisa na ambayo sura nyingine nyingi huegemea juu yake. Asiyeielewa hiyo hubabaika hadi mwisho wa masomo yake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hakuna sura iliyo karibu zaidi na maisha ya mwananchi kuliko hiyo. Mama anayevuta maji kisimani, kijana anayesukuma mkokoteni sokoni, dereva anayeteremka mlima na shehena ya mahindi, wote wanashughulika na kani na mwendo tangu asubuhi hadi jioni. Inakuwaje basi kwamba mtoto wa watu hao hao anaposomewa swali kuhusu ndoo au mkokoteni hukaa kimya kana kwamba ametajiwa mambo ya nchi asiyoijua?

Sababu moja kubwa ni namna wanafunzi walivyozoeshwa kuyakabili maswali. Mwanafunzi akipewa swali, jambo la kwanza analofanya ni kuzikusanya namba zilizomo. Jambo la pili ni kutafuta kanuni yenye herufi zinazolingana na namba hizo. Kisha huzidisha au hugawanya, akapiga mstari chini ya jibu. Hajajiuliza ni kitu gani kinachozungumziwa, wala ni nini kinachokivuta au kukisukuma. Swali likigeuzwa kidogo tu, hana pa kushika.

Lichukuliwe swali hili jepesi. Mtu anavuta ndoo ya maji kutoka kisimani kwa kamba. Ndoo na maji yake vina tungamo la kilo 20, na ndoo inapanda kwa mwendo usiobadilika. Kamba inaivuta ndoo kwa kani kiasi gani? Wengi watajibu haraka kwamba kani ya kamba lazima iuzidi uzito wa ndoo, la sivyo ndoo isingepanda. Jibu hilo linavutia, lakini si kweli. Mvuto wa dunia ukichukuliwa kuwa newtoni 10 kwa kila kilo, ndoo inavutwa chini kwa newtoni 200. Maadamu mwendo wake haubadiliki, kani mbili zinazopingana zimelingana, na kamba inavuta juu kwa newtoni 200 zile zile. Kani ya ziada huhitajika pale tu mwendo unapoongezeka. Mvutaji akitaka mwendo wa ndoo uongezeke kwa nusu mita kwa sekunde kila sekunde, ataongeza newtoni 10, na kamba itavuta kwa newtoni 210. Ndoo inapokaribia ukingo, naye akaanza kupunguza mwendo, kamba itavuta kwa kani iliyo chini ya newtoni 200, ingawa ndoo ingali inapanda.

Aliyechora picha ya ndoo peke yake, akaweka mshale mmoja wa kwenda juu na mwingine wa kwenda chini, huyaona yote hayo kabla hajagusa kanuni. Aliyekimbilia kanuni hayaoni.

Yafaa ieleweke kwamba wanaokosea hapo si wajinga. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu huendelea kwenda kwa sababu kuna kinachokisukuma, na kisukumaji kikiacha kitu husimama. Fikra hiyo ilitawala kwa karibu miaka 2,000, hata Galileo akaipinga na Newton akaweka sheria zake tatu katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Hata leo fikra hiyo haijatoka vichwani. Mwaka 1982 mtafiti John Clement wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa uhandisi kuhusu sarafu iliyorushwa juu: sarafu ikiwa imeshauacha mkono na ingali inapaa, ni kani zipi zinazoikabili? Wengi walichora mshale wa kwenda juu, eti kani ya mkono, hata baada ya kumaliza somo lenyewe. Ukweli ni kwamba mkono ukishaiachia sarafu hauna kazi tena. Ukiacha upinzani mdogo wa hewa, kani iliyopo ni uzito peke yake, nao unaelekea chini muda wote. Ikiwa wanafunzi wa chuo kikuu cha nchi tajiri wanakosea hivyo, ni dhahiri kwamba dawa haiwezi kuwa wingi wa vitabu na vifaa tu. Dawa ni namna ya kufikiri.

Namna hiyo inajulikana, nayo haina gharama. Mwanafunzi achague kitu kimoja tu cha kushughulikia. Akichore kikiwa peke yake. Ataje kila kani inayokikabili, na kwa kila kani aseme ni kitu gani kinachoitoa. Akishindwa kumtaja mtoaji, basi kani hiyo haipo na aifute. Mwisho ajiulize kama mwendo unabadilika au haubadiliki. Hapo ndipo kanuni inapoitwa, na mara nyingi itakuwa moja tu.

Faida ya utaratibu huo inaonekana wazi katika swali la punda na mkokoteni, swali ambalo limewatatiza wanafunzi wa vizazi vingi. Sheria ya tatu ya Newton inasema kwamba punda akiuvuta mkokoteni mbele, mkokoteni nao humvuta punda nyuma kwa kani iliyo sawasawa. Mwanafunzi mwerevu huuliza: kama kani hizo ni sawa, mbona mkokoteni unaondoka? Jibu limo katika mchoro. Kani hizo mbili zinavikabili vitu viwili tofauti, kwa hiyo haziwezi kufutana. Mkokoteni ukichorwa peke yake, unaonekana kuvutwa mbele na punda na kuzuiwa nyuma na msuguano wa magurudumu. Ukivutwa zaidi ya unavyozuiwa, utaondoka. Punda naye akichorwa peke yake, anaonekana kuvutwa nyuma na mkokoteni na kusukumwa mbele na ardhi aliyoikanyaga kwa kwato. Ndiyo maana penye utelezi punda mwenye nguvu zake zote hushindwa.

Jambo la pili linalohitaji kutazamwa ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia sekondari na kukutana na kani kwa mara ya kwanza kwa undani katika Kiingereza. Tena maneno ya maswali hayo yana maana zake maalumu. Ubao ukiitwa laini, maana yake ni kwamba msuguano usihesabiwe. Kamba ikiitwa nyepesi, maana yake ni kwamba tungamo lake lisihesabiwe. Hata neno uzito lina mtego. Sokoni husemwa kwamba gunia lina uzito wa kilo 100; katika fizikia kilo hizo ni tungamo, na uzito ni kani ya karibu newtoni 1,000. Mwalimu asiyetumia dakika chache kuyafafanua hayo, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, anampima lugha huku akidhani anampima fizikia. Maneno ya Kiswahili yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990.

Huenda wakatokea watakaouliza kwa nini jambo hili lipewe uzito wote huu. Jibu liko barabarani. Basi linalokwenda kilomita 36 kwa saa huenda mita 10 kila sekunde. Breki zikipunguza mwendo huo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, basi litasimama baada ya mita 10. Mwendo ukiwa kilomita 72, watu wengi watadhani kwamba mita 20 zitatosha. La hasha. Zitahitajika mita 40, maana mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huwa mara nne. Na hapo haijahesabiwa sekunde moja ambayo hupita kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Katika sekunde hiyo basi limekwisha kwenda mita 20 nyingine. Abiria asiyefunga mkanda naye hatupwi mbele na kani yoyote. Yeye anaendelea na mwendo aliokuwa nao, mpaka kiti cha mbele au kioo kimsimamishe. Anayeyaelewa hayo hamhimizi dereva aongeze mwendo.

Wapo walimu watakaosema kwamba madarasa yamejaa na maabara ni tupu. Malalamiko hayo ni ya haki, na wenye dhamana wanapaswa kuyashughulikia. Hata hivyo jiwe, kamba, ubao na ndoo vinapatikana katika kila kijiji, na mchoro wa mishale miwili hauhitaji maabara. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa mwaka 1967, ilidai shule zijenge akili zinazodadisi, na mahali pa kuanzia ni kuruhusu maswali. Erasto Mpemba alipokuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza sababu alichekwa. Hakunyamaza, alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye akalipima jambo hilo badala ya kulicheka. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, na wanasayansi wangali wanabishana kuhusu jambo hilo hadi leo.

Kwa hiyo, walimu waudai mchoro kabla ya hesabu, na wasahihishaji wa mitihani waupe alama zinazostahili. Wakaguzi wanapoingia darasani wasitazame tu ni kanuni ngapi zimeandikwa ubaoni, bali watazame ni wanafunzi wangapi wanaoweza kueleza kinachoivuta ndoo. Wazazi nao wawaulize watoto wao maswali ya kisimani na ya barabarani. Taifa linalohitaji mafundi na wahandisi wake lenyewe haliwezi kuwapata kwa kukaririsha herufi. Litawapata kwa kuwafundisha vijana kukitazama kitu kilicho mbele yao, na kusema bila woga ni nini kinachokivuta na ni nini kinachokisukuma.