Nani Ana Ruhusa ya Kuigusa Kompyuta ya Umma?

Tuseme ni asubuhi huko Lionja, na mtumishi wa zahanati anawasha kompyuta mpakato ili aingize matumizi ya kituo katika mfumo wa FFARS. Kioo kinajaa mistari ya rangi, kinapepesa, kisha kinakuwa cheusi. Feni inaendelea kuzunguka. Mara nyingi mashine ya namna hiyo huwekwa kabatini ikisubiri safari ya mjini, na hesabu zikasubiri nayo.

Uchunguzi wa awali hauhitaji hata bisibisi. Mistari ikionekana tangu nembo ya mtengenezaji inapojitokeza, kabla Windows haijaanza, shaka iangukie kioo, kebo yake au kadi ya michoro. Ikijitokeza baadaye tu, programu inayoendesha kadi hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza, na kompyuta iwashwe katika hali salama. Picha ikibadilika unapousogeza mfuniko polepole, huenda kebo ipitayo kwenye bawaba imelegea au imechubuka. Zaidi ya yote, iunganishwe na runinga kwa waya wa HDMI, hata ile ya kibanda cha mpira, baada ya watazamaji kuondoka. Picha ikitoka safi, kazi iendelee siku hiyohiyo.

Kwa nini mtumishi hafanyi hivyo? Anaogopa. Kompyuta ina namba ya mali ya Serikali, na anayeigusa ndiye atakayeulizwa na mkaguzi. Hofu hiyo tumeipanda wenyewe kwa kugawa vifaa bila kugawa idhini ya kuvihudumia. Wilaya ya Nachingwea ilikwisha kuona mashine zikiletwa kwa kishindo: mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, ukafutwa 1951.

Tena kuna jambo zito kuliko kioo. Mashine ikifikishwa kwa fundi wa mtaani, huenda na taarifa za wagonjwa, ilhali tangu 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Fundi hana kosa. Aliyempelekea mashine bila kuziondoa taarifa hizo ndiye wa kuhojiwa.

Napendekeza kila halmashauri itoe waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaomruhusu mtumiaji kufanya majaribio haya na kuhamisha taarifa kabla mashine haijatoka ofisini. Fungu la matengenezo litajwe katika bajeti ileile inayonunua kompyuta. Mwaka wa fedha huanza Julai. Madiwani waulizwe kabla ya hapo.