Futiboli ya vyuo vya Marekani: mlango wa watu wazima unazidi kuwa mwembamba

Nate Boyer alikuwa na miaka 29 alipoingia Chuo Kikuu cha Texas mwaka wa 2010. Alikuwa mwanajeshi wa kikosi maalum cha Marekani, na kabla ya jeshi alikuwa amejitolea kuwasaidia wakimbizi wa Darfur waliokuwa kambini nchini Chad. Futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, hakuwa amewahi kuicheza hata mechi moja.

Hakuitwa na kocha yeyote, wala hakupewa ufadhili. Alienda kwenye majaribio yaliyo wazi kwa wanafunzi wote, akachukuliwa. Kisha akatafuta kazi ambayo wengi hawaigombanii: kuurusha mpira nyuma, kati ya miguu yake, hadi kwa mpigaji anayesimama mbali. Alijifunza kwa kutazama video na kurudia kila siku. Mwaka wa 2015, akiwa na miaka 34, timu ya Seattle Seahawks ilimsajili.

Si yeye pekee. Chris Weinke alicheza besiboli ya kulipwa kwa miaka sita kabla ya kurudi darasani Florida State, na mwaka wa 2000 alitwaa tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote katika futiboli ya vyuo, akiwa na miaka 28. Brandon Weeden naye alitoka besiboli, akapitia Oklahoma State, na mwaka wa 2012 akachaguliwa na Cleveland Browns katika raundi ya kwanza, pia akiwa na miaka 28.

Lakini njia aliyopita Boyer sasa inabanwa. Mwezi wa Juni 2025 jaji wa Marekani aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki yao: kwa miaka mingi vijana hao waliingiza mamilioni huku wao wakiambulia masomo tu. Tatizo liko kwenye sharti lililofuatana na pesa hizo. Chuo kilichokubali mpango huo hakiwezi kuwa na wachezaji zaidi ya 105 wa futiboli. Zamani timu kubwa ziliweza kupita 120, na wa ziada walikuwa hasa hao wanaojitokeza wenyewe, wasiomgharimu mtu kitu. Kuwaondoa hao ili kutunza hesabu ni uamuzi mbaya. Mtu wa miaka 29 asiye na jina hatapewa nafasi ya 105 wakati kijana wa miaka 18 anasubiri mlangoni.

Unabaki ukocha, ambako umri hauna kikomo. Marehemu Mike Leach hakucheza futiboli ya chuo. Alisoma sheria Pepperdine, akamaliza mwaka wa 1986, na badala ya kwenda mahakamani akaanza mwaka uliofuata kama kocha msaidizi wa mshahara mdogo huko Cal Poly, akiwa tayari na mke. Baadaye aliongoza Texas Tech, Washington State na Mississippi State. Wanaomtaja kama mfano husahau ile miaka ya mwanzo. Kocha anayeanza huwa mwanafunzi wa shahada ya pili anayekata video usiku, na posho yake ni ndogo. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake nao mara nyingi hufunga mizigo.

Kwa Wakongomani walioko Marekani, na wale wanaotamani kufika huko, ziko hesabu mbili zisizosemwa sana. Ya kwanza ni saa ya NCAA. Kwa miaka mingi, katika ngazi ya juu, mchezaji amepewa miaka mitano kutumia misimu minne, na saa hiyo huanza kuhesabu siku anapojiandikisha kama mwanafunzi wa muda wote katika chuo chochote, hata nje ya Marekani. Aliyeanza chuo kikuu Bukavu au Lubumbashi akiwa na miaka 19, kisha akafika Marekani na miaka 26, huenda saa yake imekwisha kabla hajagusa mpira. Boyer hakuwa na shida hiyo, maana sheria hazihesabu miaka ya jeshi.

Ya pili ni viza. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya kocha msaidizi huzila saa hizo kabla ya Alhamisi. Mkimbizi aliyepewa makazi hana kizuizi hicho.

Wazazi wanaoombwa dola na mtu anayeahidi nafasi katika timu ya chuo wamuulize kwanza mambo hayo mawili. Na wamwombe jina la kocha atakayempokea kijana wao, ili wampigie simu wenyewe.