Mlango Ulikuwa Umefungwa

Usiku wa tarehe 2 Juni 2023, mjini Ocala, jimbo la Florida nchini Marekani, Ajike Owens alikwenda kugonga mlango wa jirani yake, Susan Lorincz. Owens, mwanamke mweusi wa miaka 35 na mama wa watoto wanne, hakuwa na silaha. Alitaka kujua kwa nini watoto wake wametupiwa viatu vya magurudumu na kufokewa na mtu mzima. Mlango ulikuwa wa chuma, na ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Lorincz alikuwa ameshapiga simu ya dharura na askari walikuwa njiani. Hakuwasubiri. Alifyatua risasi moja kupitia mlango huohuo, Owens akaanguka, mwanawe akiwa kando yake.

Kisa hiki ndicho kilichobebwa na filamu ya hali halisi The Perfect Neighbor, iliyoongozwa na Geeta Gandbhir na kuanza kuonyeshwa Netflix Oktoba 2025. Wengi wa wasomaji wetu wameitazama, na mjadala wake umejikita kwenye tabia ya muuaji. Gazeti hili linaona mjadala huo umekwama mahali padogo. Katika filamu hii sheria ya Florida ndiyo yenye kesi ya kujibu, na sisi tunaikuta na hatia.

Karibu filamu nzima imetengenezwa kwa picha za kamera ambazo askari huzivaa kifuani, simu za dharura na mahojiano ya kituoni. Hakuna msimulizi wala mtaalamu anayekaa kitini kutueleza tuwaze nini. Tunawaona askari wakiitwa mara kwa mara kwenye mtaa ule kwa sababu moja: watoto wanacheza kwenye nyasi karibu na nyumba aliyopanga Lorincz. Askari wanafika, wanazungumza na watoto kwa upole, wanaona hakuna kosa, wanaondoka. Wakishampa mgongo, wanamsema kuwa ni msumbufu. Hakuna anayejiuliza itakuwaje siku mtu huyu anayewachukia watoto wa jirani kiasi hiki atakaposhika bunduki. Hilo nalo ni kosa, na adabu ya askari mbele ya kamera hailifuti.

Halafu inakuja sehemu ambayo hatukuweza kuitazama bila kugeuza uso: baba anawaambia watoto kwamba mama yao hatarudi, na kamera ya askari inarekodi kila kitu. Wapo wanaosema picha hizo zisingeonyeshwa, na hoja yao ni nzito, kwani watoto wale watakua na kilio chao kitaendelea kuwapo kwenye skrini za watu wasiowajua. Lakini Owens alikuwa rafiki wa watu wa familia ya mwongozaji, na mama mzazi wa marehemu aliunga mkono dunia ione. Tunauheshimu uamuzi wa mfiwa.

Lorincz alikamatwa siku nne baadaye. Baada ya kumhoji mara ya kwanza, polisi walimwacha aende zake. Sherifu wa kaunti ya Marion, Billy Woods, alieleza kwamba sheria ya jimbo iliwalazimu kwanza kuchunguza kama aliua kwa kujihami. Na alisema kweli, maana ndivyo ilivyoandikwa. Sheria ile ya mwaka 2005, iliyotiwa saini na Gavana Jeb Bush, ilimwondolea mtu wajibu wa kuondoka kwenye ugomvi pale anapoweza kuondoka salama, na ikawakataza polisi kumkamata anayedai kujihami mpaka wawe na sababu za kuamini kwamba alivunja sheria. Mwaka 2017 wabunge wakaongeza jingine: kabla kesi haijasikilizwa, upande wa mashtaka ndio ubebe mzigo wa kuvunja dai la kujihami. Aliyekufa hana mdomo, na aliye hai anatangulizwa kuaminiwa.

Kuna watakaosema sheria imefanya kazi yake, kwa kuwa Agosti 2024 jopo la raia sita lilimkuta Lorincz na hatia ya kuua bila kukusudia, na Novemba mwaka huohuo akahukumiwa miaka 25 jela. Hatukubali. Hukumu ilipatikana kwa sababu askari walikuwa na kamera na mlango ulikuwa umefungwa. Nje ya kesi hii moja, picha ni nyingine: watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 katika jarida la JAMA Internal Medicine walikuta kwamba baada ya sheria kuanza, mauaji Florida yalipanda kwa asilimia 24.4, na yale ya bunduki kwa asilimia 31.6.

Haki ya kujihami tunaitetea kwa nguvu zote. Mwanamke anayeshikwa koo nyumbani kwake hana wajibu wa kusubiri afe. Lakini hata huyo sheria hii haikumlinda. Marissa Alexander wa Jacksonville, mwanamke mweusi, alifyatua risasi ya onyo mwaka 2010 akisema anamwogopa mumewe aliyekuwa akimpiga. Hakuna aliyeguswa na risasi ile. Mahakama ilimnyima kinga, akahukumiwa miaka 20, na alikaa ndani miaka mitatu kabla ya kutoka kwa makubaliano na waendesha mashtaka. Sheria inayopima hofu ya mmoja kwa kibaba na ya mwingine kwa pishi haiwezi kuitwa kinga ya wanyonge.

Turudi kwenye filamu. Katika chumba cha mahojiano, Lorincz anaambiwa anakamatwa. Anaombwa asimame, anakataa, na wapelelezi wanambembeleza kwa uvumilivu mkubwa. Mtu aliyezoea kuona neno lake likipewa uzito kila anapopiga simu haamini kwamba safari hii halitoshi.

Wabunge wa Florida waifute nyongeza ya 2017, wairudishe kanuni ya kuondoka pale inapowezekana, na waandike wazi kwamba anayefyatua risasi kupitia mlango uliofungwa, polisi wakiwa njiani, hana kinga ya kukamatwa. Watoto wanne wa Ajike Owens wanalelewa bila mama, na vifungu vya 2005 na 2017 bado vimo kwenye vitabu vya sheria vya jimbo lao.