Mazoezi ya Kazi: Tujifunze kwa Wanafunzi wa Kompyuta

Mwanachuo anayehesabu majuma ya mazoezi ya kufundisha kuwa ni majuma ya kutafuta alama amekwisha kupotea njia kabla hajashika chaki. Maoni haya nayatoa baada ya kuzungumza kwa kirefu na binti mmoja wa Uru, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, aliyefanya mazoezi yake ya kazi katika ofisi moja ya kutunga programu hapa Moshi mjini.

Juma la kwanza hakuandika hata mstari mmoja. Alipewa programu ya kutunza hesabu za wakulima wa kahawa, iliyotungwa na watu watatu kabla yake, akaambiwa aisome mpaka aweze kueleza kazi ya kila sehemu. Juma la pili akakabidhiwa kosa dogo: jumla ya kilo ilipunjwa kila mkulima alipoleta mzigo mara mbili kwa siku moja. Alilisahihisha kwa saa moja. Lakini kazi yake haikuingizwa katika programu mpaka mwenzake alipoisoma yote na kuuliza, "Je, akileta mara tatu?" Kumbe dawa ilitibu mara mbili tu! Ikarudishwa, akaitengeneza upya. Hakuna aliyemcheka, wala aliyemwandikia alama.

Watu wa mlimani hawatashangazwa na utaratibu huo. Mfongo upitishao maji katika vihamba vya wengi hautobolewi na mtu mmoja kwa shauri lake, maana akikosea, atakayeharibikiwa ni jirani wa chini.

Sasa tujitazame sisi. Mwanachuo hufika shuleni Jumatatu. Jumanne yuko peke yake mbele ya watoto sabini, na mwenye darasa amekwenda kupumzika (nami simlaumu sana). Andalio la somo husomwa na mkufunzi siku ya kutahini tu, nalo limeandikwa ili kumpendeza. Mwanachuo akiwaacha watoto waamini kuwa theluthi ni kubwa kuliko nusu, kwa kuwa 3 ni kubwa kuliko 2, nani atagundua? Yeye atarudi chuoni na alama zake, na watoto watabaki na theluthi yao.

Wako wasemao kwamba mambo ya kompyuta hayatuhusu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo, baada ya kazi ya hesabu zake kwenda mrama. Sababu moja kubwa ilikuwa uhaba wa wenyeji walioielewa kazi hiyo. Mwaka huo huo Azimio la Musoma lilitaka vijana wafanye kazi kwanza, ndipo waingie Chuo Kikuu. Utaratibu ule uliachwa baadaye, ila shabaha yake haikuwa mbaya.

Yafaa wanachuo wawili wapangwe darasa moja. Juma la kwanza wasome madaftari ya watoto na maazimio ya kazi ya mwalimu wao, wasifundishe. Andalio la Jumatatu lisomwe na mwenzi Ijumaa, naye awe na haki ya kulirudisha. Mkufunzi naye afike walau mara moja bila karatasi ya alama. Itasemwa kwamba wakufunzi ni wachache na nauli ya kupanda Kibosho au Rombo ni ghali. Ni kweli. Lakini kusomeana maandalio hakuhitaji nauli. Mwenzako analala chumba cha pili.