Kugeuza video ya televisheni si ruhusa ya kufuta tarehe yake

KINDU – Kazi ya kugeuza video zilizorekodiwa kwenye televisheni ili zifunguke kwenye simu ni kazi ya maana, na vijana wanaoifanya wanastahili kulipwa. Lakini namna inavyofanywa kwenye meza nyingi inawaumiza walewale wanaolipa. Video inatoka imeharibika, imekatwa, haina tarehe, na faili ya kwanza imefutwa. Kwa familia zilizokimbia vita hiyo si kasoro ndogo.

Dekoda ya televisheni ya dijitali inaporekodi kwenye flashi, inaandika mambo kama yalivyofika kutoka hewani. Faili inayotoka huwa mara nyingi ya aina ya TS. Imegawanywa katika vipande vidogo vya baiti 188 kila kimoja, kusudi mawimbi yakikatika kidogo sehemu nyingine ziendelee kuonekana. Dekoda nyingi huweka pia jina la chaneli, siku na saa kwenye jina la faili. Shida ni kwamba simu nyingi za bei ndogo hazitambui faili hiyo. Ndipo mama mwenye flashi anaenda kutafuta kijana mwenye kompyuta.

Hapo kuna kazi mbili tofauti, na mteja haelezwi tofauti yake. Wakaaji wa Maniema, watu wa mchele, wanaweza kuielewa haraka. Mchele ukihamishwa kutoka gunia moja kwenda lingine unabaki mchele. Ukisagwa unakuwa unga, na unga haurudi tena kuwa mchele.

Kazi ya kwanza ni kubadili gunia. Kama picha ndani ya faili ya TS imebanwa kwa njia ya H.264, programu ya bure kama FFmpeg inaihamisha kwenye MP4 bila kuigusa. Mara nyingine sauti peke yake ndiyo inageuzwa ili simu iikubali. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na picha inabaki ileile. Kazi ya pili ni kusaga. Picha inafunguliwa yote na kubanwa upya. Hiyo inakula muda mrefu, inamaliza mafuta ya jenereta, na ubora unapotea. Ni ya lazima pale picha ni ya MPEG-2, njia ya zamani ambayo simu nyingi haziichezi, au pale mteja anataka faili ndogo.

Fundi mwaminifu anaangalia kwanza picha ni ya aina gani. Asiyejali anasaga kila kitu, kisha anadai pesa ya mafuta aliyoyachoma bure. Kuna hata wateja wasiohitaji kugeuza chochote, maana VLC, programu ya bure ya simu, inafungua faili nyingi za TS kama zilivyo. Kumficha mtu jambo hilo ili alipe ni kumnyonya.

Jambo zito zaidi ni tarehe. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo. Habari za siku zile zilionyeshwa kwenye televisheni nyingi. Mtu akichukua faili ya namna hiyo, akaigeuza, akakata dakika moja na kuiita "video 1", siku na saa zilizokuwa kwenye jina zimepotea. Tarehe inayoonekana sasa kwenye simu ni ya siku faili mpya ilipotengenezwa. Anayeipokea kwenye WhatsApp hana njia ya kujua kama ni mambo ya jana au ya miezi mingi iliyopita.

Familia ya wahami inatazama picha hizo kwa kusudi. Baba anataka kujua kama barabara imefunguka. Mama anataka kujua kama mtaa wao bado upo, kama anaweza kumtuma kijana akaangalie nyumba na shamba. Picha ya zamani ya soko lenye utulivu inaweza kumrudisha mtu hatarini. Picha ya zamani ya risasi inaweza kumzuia mtu kurudi wakati njia iko salama. Kwa sababu ya jina la faili, watu wanaamua mambo ya uhai kwa habari iliyokwisha kupita.

Wenye mashini wana majibu yao. Wanasema mteja mwenyewe anataka faili ndogo. Ni kweli, na apewe. Chaneli inayopita kwa megabiti 4 kwa sekunde inatoa karibu GB 1.8 kwa saa moja, na kadi ya simu inajaa upesi. Ikibanwa mpaka megabiti 1 inakuwa kama MB 450. Lakini faili ndogo ikae pembeni ya ile ya kwanza, isichukue nafasi yake. Ile ya kwanza ni mali ya mteja. Kuifuta bila kumuuliza ni sawa na fundi wa nguo kutupa kitambaa kilichobaki cha mtu. Siku mama atakapohitaji nakala nyingine, atasaga unga uliokwisha kusagwa, na kila mara picha inazidi kuwa mbaya. Pengine ndiyo picha peke yake aliyonayo ya mtaa aliozaliwa.

Wanasema tena kwamba kuandika tarehe kunapoteza muda. Kuandika "RTNC 16-02-2025 habari" hakumalizi hata dakika moja. Anayekosa dakika hiyo asijiite fundi.

Kuna na wale wanaoahidi kufungua faili zilizorekodiwa na dekoda za malipo. Nyingi za faili hizo zimefungwa kwa ufunguo wa dekoda ileile. Kubadili TS kuwa MP4 hakuondoi kufuli. Mteja asilipe kabla ya kuona video inacheza kwenye simu yake.

Lawama haiishii kwa vijana wa mashini. Nchi zilizotia sahihi mkataba wa Geneva mwaka 2006 ziliweka 17 Juni 2015 kuwa siku ya kuhama kutoka analogi, na wananchi waliahidiwa picha safi. Vituo vya televisheni na ofisi zinazotoa matangazo kwa wahami zinajua kwamba wengi wao hawana televisheni, wana simu tu. Basi tangazo la ugawaji wa chakula au la uandikishaji litolewe tangu mwanzo katika MP4 ndogo, na tarehe isemwe kwa sauti na iandikwe juu ya picha yenyewe. Tarehe iliyo ndani ya picha haifutwi kwa kubadili jina la faili. Bila hiyo, mama wa Alunguli anaweza kulipa mtumbwi kuvuka Lualaba na kukuta ugawaji ulikwisha mwezi uliopita.

Hakuna anayeomba mashini za bei kali. Anayepokea pesa ya kugeuza video aangalie kabla ya kusaga. Arudishe faili ya kwanza pamoja na ile mpya. Aandike chaneli na siku kwenye jina, na akikata kipande aseme amekata. Wateja nao wadai hayo kabla ya kutoa faranga zao, na video isiyo na tarehe isitumwe kwa ndugu kama habari ya leo.