Jimbo Hujengwa Shinani, si Jukwaani

Oktoba 2015 wananchi wa jimbo la Mikumi, katika wilaya ya Kilosa, walimpeleka Bungeni Ndugu Joseph Haule wa CHADEMA, mwanamuziki aliyefahamika nchini kote kwa jina la Profesa Jay. Jimbo jirani la Kilosa, katika wilaya hiyo hiyo, lilibaki mikononi mwa CCM. Wapo waliofanya haraka kueleza kwamba watu wa Mikumi walilewa muziki. Maelezo hayo ni mepesi, tena ni dharau kwa wapiga kura. Mkulima wa miwa wa Ruhembe na mkulima wa vitunguu wa Malolo hawakosi akili ya kupambanua wimbo na uongozi.

Ni dhahiri kwamba ushindi ule ulikuwa na sababu zake. Mwaka huo CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD vilikuwa vimeungana katika UKAWA, vikakubaliana kuachiana majimbo ili kura za upinzani zisigawanyike. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, makada wa CHADEMA walikuwa wamezunguka vijijini mkoani Morogoro wakifungua matawi. Matunda yake hayakuonekana Mikumi peke yake, bali pia Kilombero na Mlimba, majimbo mawili jirani ambayo nayo yalikwenda upande huo. Majimbo matatu yanayopakana hayaponyoki kwa ajali. Huponyoka pale upande mmoja unapofanya kazi na upande mwingine unapojisahau.

Historia ya nchi hii ina fundisho la zamani zaidi kuhusu jambo hili. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti pekee kilichoikosa kilikuwa cha Mbulu, ambako Ndugu Herman Sarwatt, mwenyewe mwanachama wa TANU, alisimama binafsi akamshinda mgombea aliyeteuliwa na chama chake. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU wala Uhuru. Walikataa kuchaguliwa mtu na wengine. Iwapo chama kilichokuwa kinapendwa kiasi hicho kiliweza kushindwa kwa kutosikiliza, hakuna chama kinachoweza kudai kwamba jimbo fulani ni mali yake.

TANU yenyewe ilijifunza. Katika miaka ya 1960 uliwekwa utaratibu wa mashina ya nyumba kumi kumi, na kila shina likawa na balozi wake. Balozi aliyefaa alijua nani amefiwa, nani hana chakula, na shamba la nani lina ugomvi wa mpaka. Aliyapandisha hayo juu, naye alirudi na majibu. Mwongozo wa mwaka 1971 ukaongeza onyo kali dhidi ya kiongozi mwenye kiburi na majivuno. Shina halikukusudiwa kuwa mahali pa kugawia fulana na kofia kila baada ya miaka mitano. Lilikusudiwa kuwa sikio.

Na Kilosa ni wilaya inayohitaji masikio. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, zaidi ya wakulima 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko ya Mto Mkondoa yaliwaacha maelfu bila makazi na kuikata Reli ya Kati. Mashamba makubwa ya mkonge yalitelekezwa huku wanavijiji waliozungukwa nayo wakikosa mahali pa kulima. Hayo hayatatuliwi kwa hotuba wala kwa ngoma. Huanza kutatuliwa pale mtu anapoketi na mkulima na mfugaji kwenye mkeka mmoja, mara nyingi, hata katika mwaka usio na uchaguzi.

Aliyeshinda mwaka 2015 naye alipimwa kwa kipimo hicho hicho. Msanii aliyewahi kumkejeli mwanasiasa wa ahadi za uongo katika wimbo wake wa "Ndio Mzee" alijikuta yeye ndiye mwenye ahadi za kutimiza. Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM kwa Ndugu Dennis Londo. Je, lilirudi kwa sababu mashina yalikuwa yamefanya kazi?

Swali hilo lisikwepwe. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji hutangulia Uchaguzi Mkuu kwa mwaka mmoja, na hapo ndipo mizizi ya jimbo hupandwa. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa hoja za kujaza fomu vibaya, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka uliofuata ilitwaa karibu majimbo yote ya nchi, na wapinzani wakayakataa matokeo. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Chama kinachoshinda bila kushindanishwa hakiwezi kujua kama balozi wake anaheshimiwa au anaogopwa tu. Mwaka 2015 Mikumi ilisema wazi kilichoiudhi. Jimbo lisiloweza kusema kwa kura litasema kwa njia nyingine, na siku ya uchaguzi ya Oktoba 2025 nchi ilishuhudia damu ikimwagika katika miji kadhaa.

Kwa hiyo wajibu uko pande zote. Anayetaka kulitwaa jimbo lililo mikononi mwa wengine asingoje helikopta na wasanii. Aanze kijiji kwa kijiji, aandae wagombea wa vitongoji, awafundishe kujaza fomu bila kosa, na aweke wakala mwaminifu katika kila kituo, atakayekaa hadi kura ya mwisho ihesabiwe na fomu ya matokeo ibandikwe. Anayelishika jimbo naye asijifiche nyuma ya mhuri wa msimamizi. Akubali kushindanishwa, kwa maana ushindani ndio unaomwamsha balozi aliyelala.

Mikumi imewahi kubadili mbunge kwa kura, kwa amani, na asubuhi yake wakulima wakarudi mashambani kama kawaida. Hilo ni jambo la kujivunia kwa wilaya nzima, bila kujali rangi ya bendera iliyopepea. Kazi ya kila chama ni kuhakikisha kwamba uwezo huo unabaki mikononi mwa wananchi, na kisha kuuheshimu kwa kubisha hodi kwenye kila nyumba.